Akiba ya Nani? Juu ya Neno Moja la Kiingereza

Fikiri, msomaji, kwamba unasafiri kwenda Masalani siku ya Jumamosi, umepanda nyuma ya kijana mwenye pikipiki ya kukodi. Masalani ni mji wa Ijara, kusini ya Kaunti ya Garissa, si mbali na ukingo wa mashariki wa Mto Tana. Kabla hamjaufikia mji, injini inakohoa mara mbili tatu. Kijana hashuki. Anainama, anapapasa chini ya tangi, anageuza kifungo kidogo, na pikipiki inaendelea na mwendo wake kana kwamba hapakutokea neno. Unamwuliza kulikoni, naye anajibu bila kugeuka, "Tumeingia rizavu." Alasiri unakwenda kutazama mpira. Kando ya kiwanja ameketi mvulana aliyevaa jezi, viatu vyake vimefungwa barabara, lakini hachezi. Unamwuliza sababu. "Leo mimi ni rizavu," asema, wala huoni kwamba ameona haya kusema hivyo. Baada ya sala ya magharibi mzee mmoja mwenye ng'ombe anakueleza kwa nini mifugo yake ilizungushwa njia ndefu kufika malishoni. Ananyosha mkono kuelekea kaskazini na kusema, "Pale ni rizavu." Usiku unapita mtu mwenye bunduki, naye hakuvaa nguo za askari unaowafahamu. Mwenye duka anakutuliza moyo: huyo ni jirani yetu, ni polisi wa rizavu.

Siku moja, mji mmoja, neno moja. Na kila aliyelitamka alikuwa na hakika kwamba amesema jambo lililo wazi.

Neno lenyewe ni la Kiingereza, "reserve", nawe umekutana nalo tangu madarasa ya chini. Huenda ukadhani kuwa halina haja ya kuandikiwa insha, kwa kuwa kamusi zipo na kila kamusi italieleza kwa mstari mmoja au miwili. Lakini kazi ya kamusi ni kama kazi ya mwenye stoo: hukutolea kitu ulichokitaja kisha hufunga mlango. Haikuulizi unakipeleka wapi. Mimi nataka tulipime neno hili kama tunavyopima shairi, yaani tutazame linasema nini, linanyamazia nini, na linapohamia katika Kiswahili linapata hasara au faida gani. Naona kazi hii ina maana zaidi Masalani kuliko mahali pengine pengi, maana huko liko neno hili ambalo watu wamepata kulindwa kwalo na kuzuiliwa kwalo pia.

Asili yake ni Kilatini. Katika lugha ile kulikuwa na kitendo chenye maana ya kutunza au kulinda, na mbele yake kikawekwa kiambishi chenye maana ya nyuma au tena. Hivyo maana ya kwanza ilikuwa kuweka nyuma, kutokukitoa kitu chote leo. Wafaransa wakalirithi, Waingereza wakalipokea kutoka kwa Wafaransa, na kwa karne nyingi limezaa wana na wajukuu. Mtu asiyetoa ya moyoni huitwa kwa neno hili. Mwenye shaka juu ya shauri fulani husema kwamba ana neno hili, tena huliweka katika wingi. Katika mnada, mwenye mali akikataa mali yake iuzwe chini ya bei fulani, bei hiyo huitwa vivyo hivyo. Kiti cha basi kilichokwisha kushikwa na msafiri aliyelipa mapema, fedha za kigeni zinazowekwa na benki kuu ya nchi, askari wanaoitwa wakati wa vita tu, yote ni ukoo huo mmoja. Sina haja ya kukaa juu ya haya. Wayajua, au utayajua kwa kusoma.

Jambo ninalotaka ulitazame ni hili. Kila penye kuweka akiba pana watu watatu au vitu vitatu: yuko mwekaji, kiko kinachowekwa, na yuko atakayekitumia. Pengine ni lazima tumtaje na wa nne, yule anayezuiliwa asikiguse. Katika pikipiki mambo hayana utata: mwekaji na mtumiaji ni yule yule, na petroli haina malalamiko. Kwa mvulana wa mpira habari imebadilika kidogo. Anayewekwa ni mtu, lakini amewekwa kwa ridhaa yake. Anamjua aliyemweka, anajua ni kwa ajili ya timu gani, na mchezo ukiwa mgumu anaweza kusimama pembeni akijinyosha misuli ili mwalimu amkumbuke. Hata polisi wa rizavu yu katika hali hiyo. Lakini sikiliza tena yule mzee: "Pale ni rizavu." Nani amepaweka? Kwa ajili ya nani? Dhidi ya nani? Neno la Kiingereza halikumlazimu aseme, wala halikumlazimu asemaye kwanza, aliyechora ramani, kusema. Linaruhusu sentensi kamili, yenye adabu na sauti ya serikali, ambayo ndani yake hakuna mtu hata mmoja.

Kiswahili je? Hapa ndipo penye utamu, nami naomba uvumilivu wako. Hatuna neno moja linalolingana na lile. Tunayo kadhaa, na mfasiri hana budi kuchagua, na katika kuchagua hufichua mawazo yake. La kwanza ni akiba. Tumelichukua kutoka Kiarabu, ambako jamaa yake humaanisha mwisho wa jambo, matokeo yake, kile kifuatacho nyuma. Ndiyo kusema akiba ni kitu kinachotazamwa kwa jicho la kesho. Huwezi kusema akiba bila kuwaza siku itakapoliwa. Akiba isiyoliwa na mtu kamwe si akiba, ni kaburi. Wazee wetu waliposema kwamba akiba haiozi walikuwa wakimtia moyo mtu aweke, lakini walikuwa pia wakimwahidi kwamba atakuta. Basi mchezaji wa akiba ni tafsiri njema kabisa, na polisi wa akiba vile vile, na akiba ya fedha. Kote huko kuna kesho inayongojwa.

La pili ni hifadhi. Nalo ni la Kiarabu, na wanafunzi wa Masalani wanalifahamu kwa njia ambayo wanafunzi wa miji mingine huenda wasiifahamu. Asubuhi, kabla ya shule, wengi wao wamekwisha kukaa katika chuo cha Kurani, ambacho Wasomali hukiita duksi, kila mmoja na kibao chake cha mti, wakisoma aya kwa sauti mpaka iingie moyoni. Kazi hiyo huitwa kuhifadhi, na aliyeimaliza Kurani yote huitwa hafidhi. Angalia basi tofauti kubwa iliyomo. Aya haihifadhiwi kwa kufungiwa mahali watu wasifike. Huhifadhiwa kwa kusomwa kila siku. Siku utakapoacha kuisoma ndipo itakapokuponyoka. Mhifadhi na kinachohifadhiwa hukaa pamoja katika kifua kimoja. Nisikilizapo watu wakisema hifadhi ya wanyama, mara nyingi hujiuliza kama waliochagua neno hili walikumbuka sauti za watoto wale.

Kuna la tatu, ambalo si la kigeni: kutenga. Kutenga ni kuweka mbali. Halina kesho kama akiba, wala halina huruma kama hifadhi. Ni neno kavu, na kwa sababu ni kavu, ni kweli. Katika sheria za wanyama za Tanzania liko pori tengefu, na siku zote nimeliona jina hilo kuwa na uaminifu fulani, maana halijidai kuwa na upendo.

Sasa tulipeleke neno letu mahali lilipotumiwa juu ya watu wenyewe. Mwaka 1904 watawala wa Kiingereza walifanya mapatano na Wamasai wakawaondoa katika Bonde la Ufa na kuwapa nchi mbili, moja kusini na moja Laikipia. Nchi hizo waliziita kwa neno hili hili. Iliahidiwa kwamba mapatano yangedumu muda wote ambao Wamasai wangekuwako duniani. Yakadumu miaka 7. Mwaka 1911 wale wa Laikipia waliambiwa wahamie kusini, kwa kuwa walowezi walikuwa wameipenda ile nchi ya juu. Mwaka 1913 Wamasai walikwenda mahakamani, wakashindwa, kwa hoja kwamba mapatano yale yalikuwa mkataba baina ya dola na dola, na mahakama ile haikuwa na uwezo wa kuuamua.

Sheria ya ardhi ya mwaka 1915 iliendeleza mtindo huo, na mwaka 1926 mipaka ya nchi zilizotengwa kwa makabila mbalimbali ya Kenya ilitangazwa. Mwaka 1930 ikatungwa sheria nyingine ya kuziweka nchi hizo amana kwa ajili ya wenyeji milele. Ulitajwa umilele, nawe kumbuka hilo. Mwaka uliofuata dhahabu ilipatikana Kakamega. Mwaka 1932 sheria ikarekebishwa ili ardhi yenye dhahabu iweze kutolewa katika nchi ile bila wenyeji kupewa ardhi nyingine mahali pake.

Sikusimulia haya ili kuamsha hasira za zamani. Nayasimulia kwa sababu ni somo la lugha. Watu waliosikia neno lile waliweza kudhani kwamba wao ndio waliowekewa. Kumbe katika kinywa cha msemaji walikuwa wao wenyewe kitu kilichowekwa, na nchi yao ilikuwa akiba ya mwingine, mfano wa petroli chini ya tangi: isiguswe mpaka mwenye pikipiki atakapoihitaji. Sarufi ya Kiingereza ilizibeba maana hizo mbili kwa pamoja bila kulalamika. Kama sheria ile ingetungwa kwa Kiswahili, mwandishi wake angelazimika kuamua: je, aandike ardhi waliyowekewa wenyeji, au ardhi walimowekwa wenyeji? Herufi chache tu zinatofautiana, na ndani ya herufi hizo mna historia nzima.

Nataja kwa upande jambo moja linalonifurahisha. Wenyeji wa bara hawakulitafsiri neno lile. Walilichukua lilivyo, wakalisema rizavu, na kwa kulitumia wakaligeuza. Mfanyakazi wa Nairobi aliyekuwa akienda likizo alisema anakwenda rizavu, maana yake nyumbani, kwa mama yake, kwenye shamba na makaburi ya babu zake. Neno lililotungwa ili kumfungia mtu mahali likawa jina la mahali anapopatamani. Hakuna kamati ya lugha iliyoamuru hivyo.

Katika nchi ya kaskazini, ambayo Garissa ilikuwa sehemu yake, watawala walitumia neno jingine. Mwaka 1902 ilitungwa sheria ya wilaya za mbali, na kwa sheria hiyo Jimbo la Mpaka wa Kaskazini lilitangazwa mwaka 1926 kuwa nchi iliyofungwa. Mtu wa nje hakuingia bila kibali. Mwaka 1934 sheria nyingine iliwapa maofisa uwezo mkubwa zaidi juu ya wenyeji. Hapa walau lugha ilikuwa wazi: kufungwa ni kufungwa. Nakiri kwamba, kama mhakiki wa maneno, nalipenda neno lililo kali na kweli kuliko lililo laini na lenye mifuko ya siri, ingawa aliyefungwa hakupata nafuu yoyote kwa usanifu wa lugha.

Neno rizavu lilifika Ijara baadaye, likija na wanyama. Katika miaka ya 1970 serikali ya Kenya huru ilitenga nchi ya Arawale, yapata kilomita za mraba 533, kwa ajili ya hirola. Mwaka 1976 zikafuata msitu wa Boni, unaoelekea mpaka wa Somalia, na misitu ya ukingo wa Tana kwa ajili ya aina mbili za nyani na kima wasiopatikana penginepo duniani. Hirola ni mnyama wa kutazamwa. Ana rangi ya mchanga, na kati ya macho yake pana mstari mweupe kama fremu ya miwani. Jamaa zake wote wa karibu walikwisha kutoweka; yeye amebaki peke yake katika tawi lake, na kwao ni nchi hii iliyo kati ya Tana na Somalia. Katika miaka ya 1970 walihesabiwa kwa maelfu. Leo wamebaki mia chache tu. Kwa hiyo usinielewe vibaya, msomaji: sisemi kwamba hakuna cha kuwekwa. Kipo, tena kiko karibu kwisha.

Nasema tu kwamba jina halikutusaidia. Tazama jinsi lilivyofasiriwa. Katika sheria za Kenya kuna aina mbili za nchi za wanyama. Moja ni mali ya taifa zima na wafugaji hawaruhusiwi ndani yake. Ya pili, ambayo Arawale imo ndani yake, iliwekwa juu ya ardhi iliyokuwa amana ya baraza la wilaya kwa niaba ya wenyeji, na matumizi fulani ya watu yanaweza kuruhusiwa humo. Ni hii ya pili iitwayo kwa neno letu. Waandishi wa Kenya wakaifasiri: hifadhi ya taifa. Lakini vuka mpaka uingie Tanzania. Huko hifadhi ya taifa ni jina la ile aina ya kwanza, mahali kama Serengeti, ambapo hapana boma wala ng'ombe. Nyumbu wanapovuka kutoka Serengeti kuingia Maasai Mara wanatoka hifadhi ya taifa na kuingia hifadhi ya taifa, kwa Kiswahili. Na kwa sheria wametoka katika jambo moja wakaingia jambo jingine kabisa. Hata ndani ya Tanzania neno hili lina nyuso mbili, kwa maana Ngorongoro nayo, ambayo ilitengwa na Serengeti mwaka 1959 ili watu na mifugo wakae pamoja na wanyama, huitwa hifadhi vile vile.

Watanzania wana jina jingine kwa kile ambacho Waingereza waliita kwa neno letu: pori la akiba. Nalisifu jina hili. Kwa muda mrefu pori mashuhuri la namna hiyo lilikuwa Selous, lililopewa jina la mwindaji wa Kiingereza aliyeuawa huko katika vita mwaka 1917. Katika pori la akiba uwindaji wa leseni huruhusiwa. Yaani wanyama wamewekwa, lakini wamewekwa ili baadhi yao watumiwe. Neno akiba limekiri hivyo bila kuficha. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori hilo iligeuzwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na uwindaji ukakoma humo. Ardhi ni ile ile na tembo ni wale wale, lakini neno lilipobadilika kutoka akiba kuwa hifadhi, sheria nayo ilibadilika. Huo ndio usahihi ninaoutafuta. Lakini hata jina hili zuri lina upungufu wake, nao ni ule ule: akiba ya nani? Ya mwenye leseni aliyetoka ng'ambo, au ya mwanakijiji wa Liwale aliye jirani yake? Jina halisemi.

Swali hilo lilijibiwa mara moja waziwazi, nalo lilijibiwa kwa ajili ya Arawale. Mwaka 1996 shirika la serikali linalosimamia wanyama lilianza kuwakamata hirola na kuwapeleka Tsavo. Nia haikuwa mbaya. Wataalamu waliona kwamba wakibaki Garissa peke yake, kwa ukame na magonjwa na bunduki, huenda wakaisha wote. Na kundi jingine dogo lilikuwa limekwisha kupelekwa Tsavo mwaka 1963 likaishi. Lakini wenyeji wa Garissa walikwenda Mahakama Kuu kuomba amri ya kuzuia. Unaweza kushangaa. Watu wa ng'ombe na ngamia, ambao mnyama huyu hawamli kwa kawaida wala hawamfugi, wanafanya kesi kwa ajili yake!

Hoja ilikuwa ni nini? Kwa ufupi, ilikuwa ni hoja ya maana ya maneno. Shirika lilisema kwamba kazi yake ni kuhifadhi. Wenyeji wakasema kwamba kuhifadhi si kuhamisha. Jaji aliisoma sheria akaona kwamba shirika lilipewa kazi ya kuwatunza wanyama katika hali yao ya asili, wala haikusemwa popote kwamba wahamishwe. Akaongeza kwamba kwa desturi ya watu wale, wenye haki ya kuitumia ardhi wana haki pia juu ya matunda yake, na katika matunda hayo wamo wanyama na mimea. Amri ikatolewa. Wachache walikwisha kusafirishwa, nao walibaki Tsavo; waliosalia walibaki kwao.

Linganisha kesi hii na ile ya mwaka 1913. Katika ile, watu walikuja wakitaka nchi waliyoahidiwa, wakaambiwa mahakama haiwezi kusikia. Katika hii, watu walikuja wakitaka wanyama waliomo katika nchi yao, mahakama ikasikia, kwa kuwa ilikubali kuuliza swali ambalo neno lilikuwa limelimeza: hiki kilichowekwa kimewekwa wapi na kwa ajili ya nani? Miaka 11 baadaye, yaani 2007, Mahakama Kuu iliulizwa pia juu ya ile misitu ya nyani ya Tana, ikaamua kwamba haikutengwa kwa kufuata utaratibu wa sheria.

Wala swali hili si geni katika dini na desturi za watu wa nchi hii. Waarabu wa kale walikuwa na malisho yaliyozuiliwa, waliyoyaita hima. Kabla ya Uislamu mtu mwenye nguvu aliweza kuizuia nchi nzuri kwa ajili ya ngamia wake peke yake. Mtume alilikataza jambo hilo, hima ikawa si ya mtu bali ya maslahi ya wote. Katika hadithi iliyopokewa juu ya Khalifa Umar, imesimuliwa kwamba alipomweka mtumishi kulinda hima alimwagiza amruhusu mwenye ngamia wachache na kondoo wachache aingie, na awe mwangalifu na mifugo ya matajiri wawili, ambao wote walikuwa masahaba wakubwa, kwa kuwa wao mifugo yao ikifa wana mitende na mashamba ya kurudia, na yule maskini akifiliwa atamjia Khalifa na watoto wake akilia. Hapo ndipo unapoona lugha timilifu ya kuweka akiba. Aliyeweka ametajwa. Kilichowekwa kinajulikana. Wa kuingia ametajwa, wa kuzuiwa ametajwa, na sababu imetolewa.

Wasukuma wa Shinyanga nao wana ngitili: kipande cha malisho kinachofungwa wakati wa mvua ili nyasi zikue, kikafunguliwa wakati wa kiangazi nyasi zinapokwisha kwingine. Mwaka 1986 serikali ya Tanzania ilipoanza kazi ya kuirudishia Shinyanga miti yake, iliuita mpango ule Hifadhi Ardhi Shinyanga, na ngitili za wenyeji ndizo zilizokuwa uti wa mgongo wa kazi hiyo. Ngitili ni akiba na hifadhi kwa pamoja, na lililo kubwa ni kwamba ina tarehe ya kufunguliwa. Mfugaji wa Ijara ataielewa bila kufundishwa. Naye hupeleka mifugo mbali na mto wakati wa mvua, huiacha nyasi ya karibu na Tana ipumzike, kisha hurudi jua linapokuwa kali, akipitia njia za kunyweshea ziitwazo malka. Mtu huyu hakuhitaji neno la Kiingereza ili ajue kuweka nyuma.

Namalizia na mahali palipo karibu na Masalani yenyewe. Ishaqbini ni nchi iliyotengwa na wenyeji kwa ajili ya hirola, kwa msaada wa wataalamu, na mwaka 2012 ulijengwa uzio wa kuzuia simba, fisi na mbwa mwitu, wakaingizwa ndani hirola 48 ili wazaliane kwa amani. Kundi limeongezeka tangu hapo. Kwa Kiingereza mahali hapa hapaitwi kwa neno letu; pana neno jipya, la adabu zaidi, lililotungwa kwa miaka ya karibuni. Kwa Kiswahili pamerudi palepale, hifadhi, ila mara hii nyongeza ndogo imeambatanishwa: hifadhi ya jamii.

Ya jamii. Silabi moja na jina moja. Ni jibu la swali ambalo mkataba wa Laikipia, sheria ya mwaka 1930 na ramani ya Arawale hazikulijibu. Sidai kwamba jibu hilo limekwisha kuthibitika kila siku na kila kiangazi. Jamii ni neno lenye mifuko yake pia, na anayeketi katika kamati si lazima awe ndiye mwenye ng'ombe watatu. Ukifika Masalani, mtafute yule mzee wa magharibi, umwamkie kwa heshima, umwulize ya jamii ipi. Jitayarishe kukaa. Chai italetwa mara mbili kabla hajamaliza.